Samaki wa Mlima wa Mawingu Meupe

Julai pale Chaka, Nyeri, ni mwezi wa kuvaa sweta mbili. Usiku ukungu hushuka kutoka Mlima Kenya, ukalala juu ya mashamba ya waru na kabichi, na kukicha mabati hudondosha maji kana kwamba mvua imenyesha. Asubuhi moja ya namna hiyo simu yangu ililia kabla sijaamka. Alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka 11, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi.

"Mjomba, samaki wamelala chini. Nimegonga kioo, hawaamki."

Samaki wale nilimpelekea mimi. Nilikuwa nimewanunua Nairobi wiki mbili kabla, kumi kwa hesabu, nikawatia kwenye kindoo chenye kifuniko na kukipakata ndani ya matatu. Tulipita Karatina, tukapita Kiganjo, mpaka Chaka. Walikuwa samaki waitwao neoni, wafupi kuliko kidole chako cha mwisho, wenye mstari wa buluu unaowaka ubavuni na wekundu kuelekea mkiani. Tuliwachagua kwa rangi. Hatukuwauliza swali la kwanza ambalo kila samaki anapaswa kuulizwa: kwenu ni wapi?

Neoni kwao ni vijito vya Amazon ya juu, kule Peru na nchi jirani, chini ya msitu mnene, ambako maji yana rangi ya chai ya rangi na yenyewe ni ya uvuguvugu. Chaka iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli ndani ya tangi tulikuwa tumeweka hita. Lakini usiku ule stima ilipotea saa tatu, ikarudi kukipambazuka. Kipimajoto kilisoma nyuzi 15.

Sasa fikiri jambo hili. Wewe baridi ikikuingia darasani, mwili wako una jiko lake ndani. Unachoma chakula ulichokula, unatetemeka kidogo, na damu yako inabaki kwenye nyuzi 37 au karibu na hapo. Samaki mdogo hana jiko hilo. Joto la maji ndilo joto lake. Maji yakipoa, damu yake inapoa nayo, moyo unapiga polepole, tumbo linaacha kusaga chakula, na kinga ya mwili inalegea hata ugonjwa mdogo ukapata mlango. Neoni hajaumbwa kwa nyuzi 15. Wanne walikufa siku ile. Sita tuliwaokoa: nilimwelekeza kwa simu namna ya kuongeza maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja kimoja, kwa muda wa saa nzima, bila haraka. Jumamosi nikaja, nikawachukua, nikarudi nao Nairobi kwenye joto.

Mpwa wangu alikuwa amewazika wale wanne chini ya mti wa plamu. Tuliposimama pale akaniuliza, "Mjomba, hakuna samaki wa baridi?"

Yupo. Na hadithi yake inapita karibu na Chaka kuliko unavyodhani.

Kusini mwa China, karibu na jiji la Guangzhou, kuna mlima uitwao Baiyun, maana yake Mawingu Meupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kiongozi mmoja wa skauti aliyeitwa Tan aliona ndani ya kijito cha mlima huo samaki mdogo sana, wa sentimita 4 hivi, mwenye mgongo wa kahawia, mstari unaong'aa ubavuni na mapezi yenye wekundu. Wengine walikwisha kupita pale wasitazame mara ya pili. Tan alitazama. Samaki akafika kwa mtaalamu, Lin Shu-yen, ambaye mwaka wa 1932 alimpa jina la kisayansi, Tanichthys albonubes. Usiogope majina ya aina hii. Yavunje vipande yatakuambia siri zake. "Tan" ni yule skauti. "Ichthys" ni samaki kwa Kigiriki. "Albonubes" ni wingu jeupe kwa Kilatini. Samaki wa Tan wa mawingu meupe.

Hapo mpwa wangu alinikatiza, maana yeye mwenyewe ni skauti, na skauti wa Nyeri wana jambo lao. Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti huko Uingereza mwaka wa 1907, alimalizia maisha yake Nyeri. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 na kaburi lake liko pale mjini, limeelekea Mlima Kenya. Juu ya jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo maskauti huiweka njiani kuwaambia wenzao, "Nimekwenda nyumbani." Mpwa wangu amewahi kusimama mbele ya duara hilo na kundi lake, akiwa na skafu shingoni. Sasa alikuwa akisikia habari za samaki aliyegunduliwa na skauti, chini ya mlima wa mawingu, na yeye anaishi chini ya mlima ambao kwa siku nyingi za Julai huwezi kuuona kwa mawingu.

"Huyo ni wetu," akasema.

Lakini sikumchagua samaki huyu kwa sababu ya hadithi. Nilimchagua kwa sababu ya kipimajoto. Samaki wa mawingu meupe hustarehe kwenye maji ya nyuzi 16 hadi 22, na usiku ukizidi baridi huvumilia hata chini ya hapo. Hita hahitaji. Stima ikipotea Chaka nzima, yeye hana habari. Na kuna jambo lingine linalonifanya nimtunze kwa moyo. Kwao porini alipungua mno, kiasi kwamba kufikia mwaka wa 1980 wataalamu walidhani ametoweka kabisa. Baadaye wachache walionekana tena katika vijito vichache vya huko. Wengi walio hai leo wako ndani ya matangi ya watu, kizazi baada ya kizazi, na wengine wako mikononi mwa watoto kama wewe.

Tulipokuwa tukiosha tangi, mtoto wa jirani alikuja mbio na mkebe. Ndani ya mkebe mlikuwa na zawadi: vifaranga vitatu vya samaki kutoka bwawa la babu yake, tilapia wawili na kambale mmoja. Mabwawa si mageni huku. Mwaka wa 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi, na Nyeri ikapata yake. Kambale yule alikuwa na urefu wa sentimita 5, ana sharubu kama za paka, anapendeza. Watoto wote wawili wakanitazama.

Nikawaambia wafungue midomo yao. Wakafungua. Nikawauliza, je, chapati nzima inaingia? Haiingii. Mandazi madogo? Yanaingia. Basi ndivyo samaki anavyoitazama dunia. Kinachoingia mdomoni ni chakula, kisichoingia huenda ni jirani. Kambale hana chuki na mtu. Lakini yule wa sentimita 5 anaweza kukua akapita mita 1, mdomo wake ni mpana, na huwinda usiku kwa sharubu zake wakati wenzake wamepumzika. Samaki wa mawingu meupe angelala na kambale, asubuhi hayupo. Tilapia naye ana mambo yake: dume akikomaa huchimba shimo mchangani la kumwitia jike, na kila mmea ulio karibu hung'olewa. Tilapia wa aina nyingine, yule anayeitwa zili, hula majani yenyewe. Hawa si samaki wabaya. Ni samaki wa bwawa. Mtoto wa jirani aliwarudisha kwa babu yake siku hiyo hiyo, na nilimpenda kwa kukubali bila kununa.

Usidhani habari ya mdomo ni ya tangi tu. Panda milima ya Nyandarua upande wa magharibi wa Nyeri, ushuke ng'ambo ya pili, utafika Naivasha. Zamani ziwa lile lilikuwa na samaki wake mmoja tu wa asili, mdogo, wa jamii ya wale wenye jicho linalong'aa. Mwaka wa 1929 watu walitia ziwani samaki kutoka Marekani mwenye mdomo mpana, ili wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana. Wakaja wengine baada yake. Yule mdogo alionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962. Sisemi ni mdomo ule peke yake uliommaliza, kwani ziwa lilipitia mengi miaka ile. Ila kila ninapopita Naivasha namkumbuka, na kila mtu anaponiambia "tutie tu, wataelewana," namkumbuka tena.

Tukarudi kwenye tangi letu. Lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 35. Hesabu ya darasani inafaa hapa: zidisha zote tatu, gawanya kwa 1,000, unapata lita 63. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ukijumlisha kioo na mchanga umebeba zaidi ya gunia dogo la waru. Tulilihamisha kutoka kwenye meza ya plastiki tukaliweka juu ya kabati la mbao la shosho, yaani mama yangu, ukutani, mbali na dirisha ili jua lisilifanye liwe kijani kwa ukoga. Na ukipewa lile bakuli la duara kama linaloonyeshwa kwenye katuni, panda maua ndani yake. Mimi siliiti nyumba ya samaki.

Mimea ilitangulia. Hilo ndilo kosa la watu wengi: hununua samaki kwanza, kisha hutafuta majani ya kuwapambia. Mmea ndani ya maji ni fundi. Mchana hutoa oksijeni, na wakati wote hunywa uchafu ambao samaki hutoa kwa mkojo na kwa kupumua. Pia hufanya kazi moja ambayo hutaiona mpaka uketi kutazama: hukata macho. Samaki wawili wanaoonana kutwa nzima hufukuzana. Weka kichaka katikati, kila mmoja anasahau ugomvi. Na samaki mdogo anayejua kwamba kichaka kipo karibu huthubutu kutoka mbele ya kioo ukamwona. Kwenye tangi tupu hujibanza pembeni.

Tulipanda valisineria nyuma, ambayo ina majani marefu membamba, na shosho alipoiona alisema tumepanda vitunguu majini. Mbele tulifunga kwa uzi anubiasi, mmea mgumu wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati, juu ya kipande cha gogo. Huu shina lake halizikwi mchangani, ukilizika linaoza. Pembeni tuliweka kuvumwani laini kama sufu. Juu tuliacha Ceratophyllum ielee, ule mmea usio na mizizi wenye majani kama mkia wa paka aliyeshtuka. Taa iliwaka saa 8 kwa siku, si zaidi. Kwenye maji ya baridi mimea hukua polepole, na hilo halina ubaya.

Halafu tukangoja.

Najua hapa ndipo wengi wenu mtataka kuruka ukurasa. Usiruke, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayoua samaki wengi kuliko baridi. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu inayounguza matamvua anayopumulia. Kuna bakteria wanaoila amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kuna wengine wanaoila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo haina ukali na mimea huipenda kama mbolea. Bakteria hawa huishi juu ya mchanga, majani, na sifongo ya chujio. Ila huwanunui wakiwa tayari wamejaa. Wanazaliana wenyewe, kwa wiki 4 hadi 6 kwenye joto, na kwa baridi ya Chaka huchukua muda zaidi. Tuliwalisha kwa kutupia chembe kidogo za chakula cha samaki kila siku kwenye tangi lisilo na samaki. Watu waliotutembelea walimwona mtoto analisha maji matupu. Yeye aliandika kwenye daftari la hesabu kila Jumapili: amonia imepanda, amonia imeshuka, nitriti imepanda. Wiki ya saba aliandika sufuri mbili mfululizo na akapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu.

Maji ya bomba yakiwa na klorini, iache kwanza ipae kwenye ndoo wazi siku moja au mbili, kwani klorini inaua bakteria wako wote wa daftari.

Ndipo tukaleta samaki wa mawingu meupe, 10 kwa pamoja. Kwa nini kumi? Kwa sababu hawa ni samaki wa kundi. Wawili peke yao ni kama watoto wawili waliopotea sokoni: hujificha, hupauka rangi, hawali vizuri. Wakiwa sita au zaidi, macho ya mmoja yanalinda mgongo wa mwingine. Madume husimama ubavu kwa ubavu, wakatandaza mapezi yao kila mmoja akijaribu kuonekana mkubwa, na hakuna anayeumia. Huo ndio ugomvi wao mkubwa.

Hao huogelea juu na katikati. Chini pakabaki patupu, na tangi lina ghorofa zake. Majirani wema ni wale wasiogombania ghorofa moja. Kwa chini nilimletea koridora madoadoa, watano. Huyu ni samaki wa kusini mwa Amerika ya Kusini, upande wa Argentina na Uruguay, ambako majira ya baridi huwa ya baridi kweli. Charles Darwin alipokuwa kijana akizunguka dunia kwa meli ya Beagle, miaka ya 1830, alimkusanya samaki huyu. Ana vijisharubu vifupi anavyopapasia mchanga akitafuta chembe zilizoanguka, kwa hiyo mchanga uwe laini. Kokoto kali zinamkata. Utamwona mara anapaa juu kama risasi, anameza hewa, anarudi chini. Hajachanganyikiwa. Utumbo wake unaweza kuchukua oksijeni kutoka kwenye hewa hiyo. Na mdomo wake ni mdogo, umeelekea chini. Alipita mtihani wa chapati.

Kama huwapati samaki wa mawingu meupe, danio mwenye milia, samaki wa India na Bangladesh, naye huvumilia nyuzi 18 na kuendelea. Huyo hana utulivu: hukimbia mchana kutwa, kwa hiyo mpe tangi refu. Gapi ni mzuri, ni mpole, lakini hupenda joto zaidi, na jike mmoja anaweza kuzaa watoto wengi karibu kila mwezi. Kabla ya kumchukua, jiulize watoto wake utampa nani. Samaki wa dhahabu muache kwa mwenye bwawa. Hukua, huchafua maji sana, na hukata mimea laini kama mbuzi.

Mpwa wangu aliniuliza tena, kwa nini tusivue tu samaki wa Mto Thego, uko karibu. Nikamwambia kwamba yule anayevuliwa huko kwa ndoana, trauti, naye ni mgeni. Mwaka wa 1905 mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven huko Uskoti na kutiwa Mto Gura wa milima ya Nyandarua. Anataka maji baridi yanayokimbia kwa nguvu, na anakula wenzake. Samaki wadogo wa asili walio chini ya mawe wana mzigo wa kutosha, tuwaache. Na nilimwapisha jambo moja, kiganja juu kama skauti: kitu cha tangi hakimwagwi mtoni. Si samaki aliyekuchosha, si konokono, si jani. Gugu maji lililofunika ghuba za Ziwa Viktoria lilipendwa kwanza kwa maua yake.

Shosho hakuwahi kuonja samaki mpaka alipokuwa mtu mzima. Kwa jadi Wakikuyu hawakula samaki. Mwanzoni alipita mbele ya tangi bila kugeuka. Kisha akaanza kuketi hapo na kikombe chake cha chai, jioni, taa ya tangi ikiwa imewaka. Kisha nikasikia kutoka kwa dada yangu kwamba kiti cha shosho kimehamishwa na mwenyewe, kimekaa mita moja kutoka kwenye kioo, na mtu mwingine asikalie.

Mwezi wa Oktoba nilifika jioni. Mlima ulikuwa umefunguka, theluji kidogo ikionekana kwenye ncha ya Batian. Hakuna aliyekuja kunipokea mlangoni. Nilimkuta mpwa wangu amepiga magoti mbele ya kabati na daftari lake, na shosho kwenye kiti, miwani imeshuka puani, kidole kimenyooka kuelekea kwenye kuvumwani.

"Njoo polepole, mwanangu," shosho akasema bila kugeuka. "Usitingishe sakafu. Vimetoka leo asubuhi."

Niliinama. Sikuona kitu kwanza. Kisha nikaviona, vinaning'inia kati ya nyuzi za kijani, vyembamba kama kope za mtoto, kila kope na macho mawili.

"Nimehesabu saba," akasema mpwa wangu kwa kunong'ona. "Shosho anasema ni tisa."

"Ni tisa," shosho akasema.